Simu ya Zamani na Wingu Lililofungwa: Nani Anatunza Kumbukumbu Zetu?



Somo letu la wiki hii unaweza kudhani ni la mafundi simu tu. Ukilitazama vizuri utaona linaingia nyumbani kwako, kwenye kwaya yako na kwa babu na bibi kule kijijini. Tunazungumzia simu na vishikwambi vya zamani vinapoondolewa kwenye huduma ya kuhifadhi nakala mtandaoni, yaani ile bakapu tunayosema "iko klaudi". Siku huduma inapokoma, picha na sauti zilizokuwa huko zinakwenda wapi? Na wewe kijana unayejua simu, una wajibu gani?

1. Wingu lina mwenyewe

Sisi wa Morogoro tukisikia neno wingu tunatazama juu, Uluguru. Wingu lile linakuja na upepo wa Bahari ya Hindi, linagonga milima, mvua inanyesha, na maji yanashuka Ngerengere na Ruvu mpaka yanawafikia watu wa Dar es Salaam. Hakuna anayesema wingu lile ni lake.

Wingu la simu si hivyo. Ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko ndani ya majengo, zinakula umeme na zina mwenye nyumba. Ukituma picha huko umeiweka kwenye ghala la mtu. Ghala linaweza kuwa zuri tu, tena la bure, lakini ufunguo anao yeye na masharti anapanga yeye.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mkulima wa Matombo anaikubali methali hiyo, ila kila baada ya muda anapanda darini kuangalia mahindi yake, maana dumuzi hajui methali. Sisi kwenye simu tunaweka na kusahau. Hapo ndipo shida inapoanzia.

2. Milango inafungwaje?

Tuchukue mifano michache inayojulikana.

Kampuni ya Apple ilianzisha iCloud Oktoba 2011, pamoja na mfumo wa iOS 5. Kuanzia tarehe 18 Desemba 2024, bakapu ya iCloud inahitaji angalau iOS 9. Sasa iPad ya kwanza kabisa, ya mwaka 2010, iliishia iOS 5, na iPhone 4 iliishia iOS 7. Hata mwenye nazo akitaka kusasisha, haiwezekani. Vilivyomo ndani ya kifaa chenyewe havikuguswa, na bado unaweza kutengeneza nakala kwa waya kwenye kompyuta. Ila mlango wa wingu umefungwa.

Upande wa Android, Google ilitangaza Julai 2023 kwamba huduma zake za msingi kwenye simu hazitaendelea kusasishwa kwa mfumo wa KitKat, uliotoka mwaka 2013. WhatsApp nayo, kuanzia tarehe 24 Oktoba 2023, ilitaka Android 5 kwenda juu.

Kuna milango mingine inayofungwa hata kama simu yako ni mpya. Google inatoa GB 15 za bure kwa akaunti. Tangu mwaka 2024, bakapu ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa ndani ya hizo 15. Zikijaa, bakapu inasimama. Halafu akaunti binafsi ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na picha zake, na utaratibu huo ulianza kutekelezwa Desemba 2023. Fikiria akaunti ya marehemu mjomba ambayo hakuna mtu anayeifungua.

Je, kampuni zina roho mbaya? Tusikimbilie huko. Simu ya zamani haielewi kufuli mpya za usalama, na kumwachia aingie kwa kufuli ya zamani ni kumfungulia mwizi pia. Kutunza mifumo miwili kwa pamoja kuna gharama. Sababu zao zinaeleweka. Ila sababu kueleweka hakumrudishii mtu picha zake.

3. Mmoja kati ya mia

Katika lile tangazo la KitKat, Google ilieleza kwamba simu zilizobaki na mfumo huo ni chini ya asilimia 1 ya simu zinazotumika. Kihesabu, kampuni ikibaki na 99 haijapoteza kitu.

Lakini sisi tunamjua Mchungaji anayehesabu tofauti. Mfano wa kondoo aliyepotea, katika Injili ya Luka sura ya 15, unaanzia kwenye hesabu hiyohiyo: mia, tisini na tisa, mmoja. Na huyo mmoja wa simu ya zamani ni nani hasa? Mara nyingi ni mzee aliyerithi simu ya mtoto wake baada ya mtoto kununua mpya. Ni mama aliyenunua simu ya mtumba kwa sababu ndiyo aliyoiweza. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Hata vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 na baadaye wakapewa walimu, siku yao ya uzee inakuja.

Ujumbe wa kuwaonya watumiaji ukitumwa, unakwenda kwenye barua pepe, tena aghalabu kwa Kiingereza. Mzee wa Nyandira anaifungua lini barua pepe? Akaunti yenyewe alifunguliwa na mjukuu, na neno la siri analijua mjukuu.

4. Kishikwambi cha Mwalimu

Likizo moja nilikaa kwenye parokia ya milimani nikisaidia mafundisho ya vijana. Katekista wa kigango kimoja, ambaye kila mtu humwita Mwalimu, alikuwa na kishikwambi cha zamani alichopewa na wageni miaka mingi iliyopita. Humo alikuwa amerekodi wazee wakisimulia jinsi kigango kilivyoanza, kwaya ikiimba, na marehemu mkewe akiwafundisha watoto kusali. Bakapu ilikuwa imekoma, na kusasisha ikawa haiwezekani.

"Frateri," aliniuliza, "kwa hiyo mama naye ameondoka mara ya pili?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tuliunganisha kishikwambi na kompyuta kwa waya, tukitumia umeme wa jua pale nyumbani kwa padre, tukaanza kuhamisha faili moja moja. Zilizokuwa bado ndani ya kifaa zilipatikana, na sauti za wazee zikiwemo. Lakini Mwalimu alikuwa amefuta video nyingi ili apate nafasi, akiamini zipo wingu. Hizo hatukuziona tena. Ya mkewe ilibaki moja, fupi, haifiki dakika. Aliiangalia mara tatu bila kusema neno, kisha akaomba tuiweke sehemu mbili, siyo moja.

Tujifunze jambo la kitaalamu hapo. Huduma nyingi za wingu zinafanya kazi kama kioo. Zinafuata kilichomo kwenye kifaa. Ukifuta kwenye simu, na kule kinaweza kufutika, mara moja au baada ya muda. Kwa hiyo usifute kitu kwenye simu kwa sababu tu "kiko klaudi" kabla hujahakikisha una nakala nyingine inayojitegemea.

5. Kanisa limeshajifunza somo hili

Wewe uliyewahi kuandaa ndoa unajua: unaambiwa ulete cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia uliyobatizwa. Wengi tunalalamika, "Padre, si ninacho cha zamani?" Sababu ni kwamba kumbukumbu halisi ni kitabu, na cheti ni nakala tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 491 inadai orodha ya nyaraka za parokia iwe na nakala mbili, moja ibaki parokiani na nyingine iende jimboni. Sheria ya kabla yake, ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu.

Umeona? Nakala zaidi ya moja, sehemu zaidi ya moja, na mtu anayejulikana wa kuzitunza. Moto unatokea, mchwa wanakula, maporomoko ya milimani yanakuja. Asiyekuwa na nakala ya pili ameweka matumaini yake kwenye bahati.

6. Tufanye nini?

*Kwanza, ijue simu.* Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome toleo la mfumo. Andika kwenye daftari.

*Pili, jua kitu kiko wapi.* Zima data na waifai, halafu fungua picha au cheza video. Ikikataa au ikitokea kwa ukungu, huenda nakala kamili haiko kwenye simu. Ipakue mapema wakati mlango bado uko wazi.

*Tatu, fuata 3-2-1.* Nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 ikae mahali pengine. Mfano: kwenye simu, kwenye flashi, na kwenye kompyuta ya ndugu aliyeko mji mwingine. Flashi nayo inakufa, kwa hiyo usiiamini peke yake.

*Nne, toa data kabla ya matengenezo.* Fundi akikwambia simu inahitaji kuflashiwa au kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani, mwambie asubiri. Ukishafanya hivyo, vilivyomo vinafutika.

*Tano, jaribu nakala.* Fungua picha kumi kwenye flashi, sikiliza sauti mbili. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

*Sita, andika majina.* Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, anaichunguza sana kumbukumbu, na ukimfuata utagundua kwamba kutunza ni kitu kimoja na kukumbuka ni kingine. Picha ya kwaya bila majina, baada ya miaka 30 ni picha ya watu wasiojulikana. Chagua 20 muhimu, zichapishe studio, na nyuma andika nani, wapi, mwaka gani. Muulize bibi leo, maana yeye hana bakapu.

*Saba, heshimu siri.* Ukimsaidia mzee, kaa naye. Usisome ujumbe wake, usijitumie picha zake, usiondoke na flashi yake. Neno la siri aliandike mwenyewe na alifiche mwenyewe.

7. Kazi ya wiki

Najua kuna atakayesema, "Frateri, watu wana njaa, wewe unaongelea picha." Ni kweli, picha haishibishi. Lakini umeshawahi kumwona mtu aliyefiwa akitafuta sauti ya marehemu kwenye simu isiyowaka? Kumsaidia huyo ni huruma, tena inayohitaji saa mbili tu na waya wa kuchajia.

Basi likizo hii, kila mmoja achague mzee mmoja. Mmoja tu. VIWAWA na TYCS mnaweza kupanga Jumamosi moja pale parokiani, mlete kompyuta mbili tatu, wazee waje na simu zao na flashi zao. Mjadili pia haya:

1. Ni kumbukumbu gani moja ya familia yako ambayo ikipotea hakuna mtu anayeweza kuirudisha? Iko wapi sasa hivi?
2. Katika kikundi chako, picha na kumbukumbu za vikao ziko kwenye simu ya nani? Simu hiyo ikiibiwa Msamvu kesho, mtabaki na nini?
3. Ni nani katika jumuiya yako anayebaki nyuma kila teknolojia inapobadilika, na nani amepewa jukumu la kumfuata?

Swali la 3 msilipite haraka. Mkishapata jina la mtu, msiishie kuliandika. Mpigieni simu siku hiyohiyo.