Thibitisha, Hakikisha, Shuhudia: Lipi Lina Uzito Gani?

Huko Ganze, Kaunti ya Kilifi, ugomvi wa shamba unaweza kuanzia kwa wazee, ukapita kwa chifu na kuishia mahakamani. Kote huko mtu huambiwa athibitishe. Mtaalamu wetu wa lugha anayachambua maneno hayo.

Swali: Neno "thibitisha" lina asili gani?

Jibu: Ni la Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kusimama imara. Ndugu zake ni thabiti na ithibati. Dai lililothibitishwa ni lile linalobaki wima hata likihojiwa.

Swali: Mbona wengine huandika "dhibitisha"?

Jibu: Hulichanganya na dhibiti, yaani kuzuia au kuweka chini ya mamlaka, ambalo lina mzizi tofauti. Polisi hudhibiti fujo. Shahidi huthibitisha madai.

Swali: Na "hakikisha"?

Jibu: Limejengwa juu ya hakika. Kwa kawaida unahakikisha ili uridhike wewe, na unathibitisha ili waridhike wengine. Mnunuzi wa shamba Vitengeni huzunguka mpaka ahakikishe. Jirani akimpinga, sharti athibitishe, na hapo macho yake peke yake hayatoshi.

Swali: Ushahidi na dalili ni kitu kimoja?

Jibu: Hapana. Ushahidi hutoka kwa shahidi, yaani aliyekuwepo akaona; shahada imetoka mzizi huohuo. Dalili katika Kiarabu ni kielekezi cha njia: inakuonyesha uendako, haikufikishi. Chini yake kuna tuhuma, ambayo ni dhana tu.

Swali: Wagiriama wa huku Ganze walithibitisha vipi zamani?

Jibu: Kwa kiraho. Sawa na kiapo cha Kiswahili, neno hilo lilibeba maneno ya kuapa na pia jaribio la mwili. Katika kiraho cha tsoka, shoka lililopashwa moto lilipitishwa kiganjani. Aliyeungua alihesabiwa mwongo. Kiapo kilifunga ahadi vilevile. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadori Kola waliongoza watu kula viapo vya kuupinga utawala wa Waingereza: wanawake kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi. Mwaka uliofuata Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama.

Swali: Kiraho cha shoka kinafaa leo?

Jibu: Hakifai. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu usuluhishi wa kimila, mradi usivunje haki za binadamu. Sheria ya Ushahidi inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Nacho Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Swali: Kwa nini tofauti hizi ziwe muhimu kwa mtu wa Ganze?

Jibu: Kwa sababu zinagusa uhai. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa baada ya kutuhumiwa uchawi. Mvi si ushahidi, wala si dalili. Kifo katika familia kinathibitisha kwamba mtu amefariki. Hakithibitishi nani amemuua. Kwa hiyo, jina la mzee likitajwa matangani, uliza: nani aliona, na aliona nini? Kama hakuna jibu, hiyo ni tuhuma. Usiisambaze, na ukisikia mtu anatishiwa, mwarifu chifu au polisi mapema.