Pikapu ya kuvuta boti hadi Kigoma

Swali: Natafuta pikapu ya kuvuta trela la boti, tani 2, kwenye njia za matope. Hilux, Ranger au D-Max?

Jibu: Zote tatu zina matoleo ya dizeli yanayovuta hadi kilo 3,500, mradi trela lina breki zake; bila breki, ni kilo 750 tu. Kwa hiyo namba hiyo ya matangazo isikubabaishe. Uliza uzito wa jumla unaoruhusiwa, gari na trela pamoja. Trela lako litakandamiza ndoano kwa kilo 200 hivi, nazo huhesabiwa kama mzigo wa bodi. Kwenye matope, difu loki ya nyuma na matairi yenye kashata nene vinafaa kuliko skrini kubwa. Mimi ningechukua Hilux. Ranger ni tamu barabarani, sikatai, lakini mafundi wa Hilux wako hata Kibondo.