Dawa ya Damu na Alama Nyekundu kwa Mtoto Njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito huitwa njiti. Sehemu kubwa ya akiba ya madini ya chuma hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Hivyo njiti huzaliwa na akiba pungufu. Isitoshe, chembe zake nyekundu za damu huishi muda mfupi, na mwili wake hutengeneza kiasi kidogo cha eritropoietini, homoni inayouchochea uboho kuzalisha chembe hizo. Ndiyo maana njiti wengi hupungukiwa damu wiki chache baada ya kuzaliwa.

Kinga yake ni matone ya madini ya chuma. Kwa kawaida njiti anayenyonya hupewa miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kuanzia takriban wiki ya 2 hadi mwezi wa 6.

Katika majuma hayohayo huweza kujitokeza hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu katika ngozi. Huwapata zaidi njiti na watoto wa kike. Hapo ndipo shaka huzaliwa. Mzazi wa Kaole au Mlingotini anayempa mwanawe matone kila siku, kisha akaona doa likikua shavuni, huweza kudhani kuwa dawa ndiyo iliyolileta, akaiacha. Matokeo yake, doa huendelea kukua na damu huzidi kupungua.

Madini ya chuma hayasababishi hemanjioma. Swali la kitaalamu linahusu eritropoietini ya sindano, ambayo baadhi ya hospitali duniani huitumia kupunguza haja ya kumwongezea njiti damu. Zipo tafiti zilizoona hemanjioma nyingi zaidi kwa waliopewa sindano hiyo. Lakini mara nyingi hao ndio njiti wadogo zaidi, ambao tayari wamo katika hatari kubwa. Kwa hiyo haijathibitika kuwa dawa ndiyo chanzo.

Hemanjioma nyingi husinyaa zenyewe polepole kwa miaka kadhaa. Zinazohitaji rufaa ya haraka ni zilizo karibu na jicho, pua, mdomo, kidevu au sehemu za siri, zenye kidonda, au zinazofika 5 na zaidi, kwani huenda nyingine zimo ndani ya ini. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kuwa propranololi, dawa ya moyo, huzisinyaza. Kwa kuwa huweza kushusha sukari na mapigo ya moyo, hutolewa kwa maelekezo ya daktari tu, na mtoto awe amenyonya.

Hemanjioma hukua kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo. Hivyo inampasa mhudumu wa kliniki kumvua mtoto nguo zote kila anapompima uzito, kulipima doa kwa rula na kuandika kipimo katika kadi. Kutoka Bagamoyo hadi Muhimbili ni takriban kilomita 70. Mtoto mwenye dalili zilizotajwa apelekwe mapema, na matone ya chuma yaendelee.