Mwanga wa Hemani Haupimi Saratani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Hema limepigwa tena karibu na stage Kayole. Spika inaita watu wapimwe saratani kwa mwanga wa "teknolojia ya nano". Unashika chuma, kompyuta inatoa kurasa za rangi rangi, kisha unauziwa dawa za kusafisha mwili. Mimi ni mtu wa maabara. Wateja wa hema hunifikia baadaye, uvimbe ukiwa umeshakomaa.

USIFANYE

Usilipie kipimo cha kushika chuma. Mwanga wa kutenga seli za saratani na seli zenye afya upo, lakini haufanyi kazi hivyo. Dawa ya pafolacianine, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2021 kwa upasuaji wa saratani ya ovari, hudungwa mshipani saa 1 hadi 9 kabla ya kisu. Hunata kwenye vipokezi vya foleti, ambavyo seli nyingi za saratani hiyo zimejaa navyo, kisha kamera maalumu huuona mng'ao ambao jicho halioni. Mgonjwa yuko chumba cha upasuaji, tumbo liko wazi. Wewe hujadungwa chochote. King'ae nini?

Usidhani kila king'aacho ni saratani. Figo zenye afya zina vipokezi hivyo hivyo. Ndiyo maana daktari hata akiuona mwanga hukata kinyama akakileta kwetu.

Usikubali kudungwa "nano" mtaani. Kuna chembe za kadimiamu zinazong'aa vizuri ajabu kwenye sahani ya maabara. Kadimiamu ni sumu. Anayezitembeza begini mwondokee.

FANYA

Dai biopsi, yaani kinyama kikatwe kipimwe maabara. Uvimbe titini, kidonda kisichopona, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi: nenda Hospitali ya Mama Lucy, au anzia kituo cha afya kilicho karibu. Uvimbe hausomwi kwa kuguswa tu, na picha peke yake haitoshi.

Pimwa mlango wa kizazi hata kama huumwi. Ukiwa na miaka 30 hadi 49, omba kipimo cha virusi vya HPV kila miaka 5. Unayeishi na VVU, mara nyingi zaidi. Pasipo kipimo hicho kuna siki: inapakwa, muuguzi anangoja dakika moja, penye mashaka pageuke peupe. Weupe nao si hukumu, hata maambukizi huuleta. Lakini siki ya bei ya chai imeokoa wanawake ambao mashine ya hemani isingewaona kamwe.

Ukipewa chupa yenye kinyama upeleke maabara mwenyewe, ipeleke siku hiyo hiyo. Jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana. Ndani iwe dawa ya kuhifadhi, formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Cha titi kikae humo kati ya saa 6 na 72, kwa sababu kipimo cha jeni ya HER2 kinaweza kuhitaji tuhesabu nukta zinazong'aa ndani ya kiini cha seli. Hapo ndipo mwanga una kazi ya kweli, na kinyama kilichooza hakina nukta za kuhesabu.

USIFANYE

Usimwage formalini. Binti mmoja aliimwaga ndani ya matatu kwa sababu ya harufu, akajaza maji ya chupa. Mama yake alikatwa kinyama mara ya pili. Fungia chupa kwenye mifuko miwili ya plastiki, uvumilie harufu hadi ufike.

Usiache ripoti kabatini kwetu. Hatuna namba ya jirani yako tukutafute. Ichukue, umpelekee daktari aliyekukata, si mwenye duka la dawa.

Usichukulie jibu la kifua kikuu kuwa jibu la saratani. Kwa hadubini ya mng'ao tunapaka makohozi rangi ya auramine, na vimelea vya kifua kikuu vinang'aa. Seli za saratani ya mapafu hatuzitafuti hapo. "Hakuna vimelea" maana yake ni hakuna vimelea, basi. Ukimaliza dozi na bado unakohoa, unakonda au unatema damu, usikubali kuanzishiwa dozi nyingine kwa kukisia: rudi upigwe picha ya kifua, na pakionekana kitu, kikatwe kinyama.