Kutu Ndani ya Tangi la Pikipiki

Katika vijiji vingi pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati, na gunia la mahindi sokoni. Nyingi ni za zamani. Zikianza kuzimazima njiani, sisi wenyewe huilaumu injini moja kwa moja.

Yetu ilituchezea hivyo. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Ikifika mlimani inakohoa, inazima. Tukiipumzisha dakika chache, inawaka tena kama vile haikuwa na neno. Tulinunua plagi mpya. Tukabadilisha ringi za pistoni. Fedha zikaisha, ugonjwa ukabaki. Siku tulipofungua kifuniko cha tangi na kuchungulia juani ndipo tulipoona: ndani kwekundu kama udongo wa kichuguu.

Lakini petroli si maji. Kutu imetoka wapi? Tangi la chuma likiachwa nusu tupu, sehemu ya juu hujaa hewa, na hewa ina unyevu. Usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone, kama yale tunayoyaona kwenye bati la paa alfajiri. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hushuka na kukaa chini kabisa. Hapo ndipo chuma huanza kuliwa. Tena kifuniko chenye mpira uliochakaa huingiza mvua. Kutu hubanduka, huziba chujio la koki, na unga wake hufika kwenye kabureta, ambako kuna vitundu vyembamba sana. Mlimani injini inataka petroli nyingi, na njia imeziba. Ukisimama, petroli huchuruzika polepole, kabureta inajaa tena. Kumbe injini ilikuwa inasingiziwa tu.

Ukitaka hakika, vua mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye kopo, kisha fungua koki. Petroli ikidondoka tone tone, njia imeziba. Ikianza kutoka vizuri mara tu unapofungua kifuniko, basi kilichoziba ni kitundu cha hewa cha kifuniko. Kizibue, kazi imekwisha.

Sasa tusikilizane vizuri. Kazi ya tangi hufanywa nje, mchana, mbali na jiko, kibatari na sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, ukafuata moto hata ulio mbali nawe. Watoto wasisogee. Na petroli isivutwe kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.

Mwaga petroli yote kwenye dumu. Ondoa koki, ziba tundu lake kwa kizibo cha mti kilichozungushiwa mpira wa tyubu. Tia maji ya sabuni na nati ndogo, funga, tikisa sana. Mikono itauma. Hesabu nati kabla ya kuzitia na uandike: 20. Zikitoka 19, moja imebaki ndani. Usiendelee mpaka uipate.

Ukisha mwaga uchafu, jaza siki, au maji ya ndimu yaliyochujwa. Acha usiku kucha. Kutu ikiwa nene, siku mbili. Tindikali ya betri usiiguse, itakula tangi na ngozi yako pia. Mwaga, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki uishe, halafu kwa maji safi. Kausha juani, mdomo ukiangalia chini. Usilale kabla hujamaliza, maana chuma kilichooshwa hushika kutu upya upesi. Tia petroli kidogo iliyochanganywa na oili, zungusha ienee kila upande. Wako wanaopaka rangi ya kawaida ndani. Petroli huiyeyusha rangi hiyo, na hapo umejitafutia uchafu mwingine.

Likiwa limetoboka je? Hapo ndo watu huungua. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke umechanganyika na hewa, na moto wa kuchomelea hulilipua. Kukauka si kitu. Petroli hujificha kwenye kutu na kwenye maungio. Fundi akikuambia, "Hili limekauka, halina neno," chukua tangi lako uondoke. Sisi tungetafuta tangi zima kutoka pikipiki iliyokufa.

Ukirudisha tangi, safisha na kabureta, maana uchafu wa zamani bado umo. Weka chujio dogo kwenye mpira wa petroli, na pikipiki ikikaa siku nyingi, iache tangi limejaa. Baada ya juma moja toa petroli kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Ukiona tone la maji limekaa chini, angalia mpira wa kifuniko kwanza, halafu dumu unalonunulia petroli.