Mgonjwa wa Akili Akae Wapi?



Katika Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 5, mmesikia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Watu walimfunga kwa minyororo, naye aliikata. Yesu alipomponya, yule mtu aliomba kufuatana naye. Bwana hakukubali, bali alimtuma arudi nyumbani kwa jamaa zake.

Je, kila mwenye wazimu ana pepo? Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, yafundisha kwamba ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo lingine, na kuutibu ni kazi ya madaktari. Wala si haki kumshitaki bibi kizee wa jirani kwamba ndiye aliyemroga.

Mgonjwa huyo husikia sauti wasizozisikia wengine, huwadhania ndugu zake kuwa adui, hukosa usingizi. Dawa humtuliza, lakini mara nyingi imempasa kuendelea kuzimeza hata akionekana amepona. Hapo jamaa wengi hukosea: wamwona ametulia, waziacha dawa, na ugonjwa warudi.

Sasa sikilizeni habari za Geel, mji wa Ubelgiji. Kwa mapokeo ya Wakristo, ndipo alipouawa Mtakatifu Dymphna na baba yake mwenye wazimu. Tangu zamani za kale wagonjwa wa akili waliletwa kuomba katika kanisa lake. Chumba chao cha kanisani kilipojaa, wenyeji waliwapokea majumbani mwao. Mwaka 1850 serikali iliishika kazi hiyo, na mwaka 1862 hospitali ilifunguliwa, ili madaktari wawaangalie wagonjwa wakaao kwa watu. Karibu na mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,500. Siku hizi ni wachache, lakini desturi haijafa. Mgonjwa ana chumba chake, hula pamoja na watoto wa nyumba, hufanya kazi kadiri awezavyo. Wengine wamekaa nyumba moja miaka hamsini. Msidhani wenyeji wa Geel ni malaika: hulipwa kidogo, na pengine hugombana na mgeni wao, kama ndugu wagombanavyo.

Kwetu, Mabruda wa Karita walianzisha SOSAME huko Bukavu mwaka 1994, kuwatibu wagonjwa hao. Lakini njia ya kutoka Kasongo au Kabambare ni ndefu na mbaya. Hata aliyetibiwa huko lazima arudi kijijini. Basi apate kitanda chake na sahani yake. Mtu mmoja anayemwamini amtunzie dawa. Msimcheke kwa ajili ya sauti zake, wala msibishane naye juu yake. Semeni naye polepole. Apewe kazi, kama kuchota maji au kupepeta mpunga. Asipewe lotoko wala bangi. Asifungwe kamba kwenye mti wala kutengwa mwisho wa kijiji. Akikosa usingizi siku mbili, au akikataa dawa, mwiteni mwuguzi wa kituo cha afya siku ile ile, nanyi mwondoe mapanga nyumbani bila kelele.