Chujio gani kwa maji yenye floridi?

SWALI: Tunaishi Usa River, Arusha, na tunakunywa maji ya kisima. Meno ya mwanangu yametoka na madoa ya kahawia. Je, ninunue ndoo yenye chujio la udongo?

JIBU: Pole sana, mama. Huenda madoa hayo yametokana na floridi, madini yaliyo mengi katika maji ya maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Chujio la udongo huzuia tope na vijidudu, lakini floridi iliyoyeyuka hupita. Kuchemsha nako hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi kukolea.

Kabla ya kununua chochote, peleka maji maabara. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, chagua mashine ya RO (reverse osmosis, yaani kusukuma maji kupitia utando mwembamba) au chujio la mkaa wa mifupa. RO huiondoa floridi vizuri, ila hutaka umeme au msukumo wa maji, na humwaga maji mengi. Mkaa wa mifupa hauhitaji umeme, lakini huchoka bila kubadili ladha ya maji, hivyo yapimwe mara kwa mara. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha vipimo vya floridi, usimpe pesa yako.